Nani Aliyechimba Pango?

Watoto wa Kasumbalesa wanajua malori kuliko milima. Tangu asubuhi hata usiku huyaona yamepangana katika barabara ya mpaka: mengine yanangoja kuingia kutoka Zambia, mengine yanangoja kutoka na mizigo ya shaba. Ukimwuliza mtoto wa huko lori lile limebeba nini, atakujibu mara moja. Lakini ukimwuliza shaba ile imetoka katika jiwe gani, na jiwe lile lilikaaje chini ya ardhi, huenda atanyamaza.

Katika somo hili tutafuatana na watoto wa darasa la sita wa mji huo, waliokwenda na mwalimu wao kutazama pango la Kakontwe, karibu na Likasi. Soma polepole, ukaangalie mambo kama wao walivyoyaangalia.

1. Yai na siki

Siku tatu kabla ya safari, Mwalimu alileta darasani yai bichi, gilasi na chupa ya siki. Akaliweka yai ndani ya gilasi, akamimina siki mpaka likafunikwa. Watoto wakasogea karibu. Mara wakaona vipovu vidogo vimelishika ganda la yai pande zote, tena vinapanda juu.

"Linachemka!" akasema Maria.

"Shika gilasi," akasema Mwalimu.

Maria akaishika. Ilikuwa baridi.

"Basi halichemki. Je, vipovu vinatoka wapi?"

Hakuna aliyejua. Mwalimu akaiweka gilasi juu ya kabati, asiseme neno zaidi. Siku ya pili ganda lilikuwa limelainika. Siku ya tatu ganda halikuwapo tena. Yai lilikuwa limebaki na ngozi yake tu, laini kama mpira.

Ndipo Mwalimu akawaeleza: "Ganda la yai ni chokaa. Siki ni kitu kikali, nacho huila chokaa. Chokaa inapoliwa hutoa hewa, ndiyo vile vipovu mlivyoviona. Sasa tazameni."

Akatoa mawe mawili. La kwanza lilikuwa la kijivu. La pili lilikuwa jeupe na gumu, kama yale yanayong'aa katika mchanga wa mto. Akalikwaruza kila moja kwa msumari, kisha akadondosha siki mahali palipokwaruzwa. Juu ya jiwe jeupe siki ilitulia kama maji. Juu ya jiwe la kijivu ilitoa povu.

"Jiwe hili la kijivu limetoka Kakontwe," akasema. "Nalo ni chokaa, kama ganda la yai. Kesho tutakwenda kuliona kwao."

Watoto wote walifurahi, ila Yosefu aliyekaa nyuma hakusema kitu. Moyo wake ulikuwa mahali pengine. Kaka yake aliacha shule mwaka uliotangulia, akaenda kuchimba mawe ya shaba pamoja na vijana wengine. Naye alikuwa amemwahidi Yosefu kwamba likizo ya Noeli ikifika atamchukua. "Wewe ni mdogo wa mwili," alimwambia. "Utapita mahali ambapo sisi hatupiti. Utapata viatu, na mama atapata unga." Yosefu hakumwambia mtu neno hilo, hata mama yake.

2. Njiani

Basi liliondoka alfajiri. Kutoka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni kama kilometa 90, na kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kama kilometa 120.

Kabla hawajafika mbali, Mwalimu aliwaambia: "Mji wetu uko karibu na mgongo wa nchi. Mpaka wa Kongo na Zambia katika sehemu zetu hufuata mgongo huo. Ufikirini kama paa la nyumba. Mvua ikinyesha upande wa huko Zambia, maji hushukia mto Kafue. Kafue huingia Zambezi, na Zambezi humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Mvua ikinyesha upande wetu, maji hushukia mito inayokwenda katika mto Kongo, nayo hufika Bahari ya Atlantiki. Matone mawili huanguka karibu karibu, lakini huishia katika bahari mbili. Je, maji yote ya mvua huenda mitoni?"

"Mengine hukauka," akajibu mtoto mmoja.

"Mengine hunywewa na miti," akasema mwingine.

"Mengine huingia chini," akasema Maria, "ndiyo tunayoyachota visimani."

"Vema. Hayo yanayoingia chini ndiyo tunayoyafuata leo."

Barabarani waliona vichuguu virefu, vingine virefu kuliko nyumba, na watu wakifyatua matofali kwa udongo wake. Walipofika Lubumbashi waliona bomba refu la moshi, na kando yake mlima mweusi usiokuwa na mti hata mmoja.

"Mlima ule haukutoka chini ya ardhi wenyewe," akasema Mwalimu. "Ulilundikwa na watu. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 ilianza kuyeyusha shaba hapa. Mawe yalitiwa katika tanuri, shaba ikatoka, na takataka ya mawe ikamwagwa pale mwaka baada ya mwaka. Lakini msidhani kwamba Wazungu ndio waliovumbua shaba. Wazee wetu waliichimba na kuiyeyusha karne nyingi kabla yao, wakaiita mukuba, wakafanya misalaba ya shaba na kuitumia katika biashara."

Jioni walifika Likasi, mji ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Wakapokelewa katika misioni, wakala bukari na samaki, wakalala.

3. Jiwe lililozaliwa baharini

Kulipokucha walikwenda Kakontwe. Mahali hapo panajulikana tangu zamani kwa mawe yake ya chokaa. Watu huyakata na kuyachoma katika tanuri, na chokaa yake hutumiwa katika viwanda vya shaba na katika ujenzi. Wataalamu wa mawe wamelipa jiwe hilo jina la mahali hapo. Hata ng'ambo ya mpaka, katika Zambia, jiwe la namna hiyo huitwa jiwe la Kakontwe.

Mzee mmoja, aliyekata mawe ya chokaa tangu ujana wake, alikuwa akiwangoja. Watoto wakamsalimu kwa heshima. Mwalimu akatoa chupa yake, akadondosha siki juu ya mwamba. Povu likatoka.

"Kama yai!" wakasema wote.

"Ni nani aliyeleta chokaa nyingi hivi mahali hapa?" akauliza Mwalimu. Kisha akaeleza: "Zamani za kale, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mahali tunaposimama palikuwa chini ya bahari. Wakati ule hapakuwa na samaki, wala konokono, wala mti hata mmoja katika nchi kavu. Baharini mlikuwa na viumbe vidogo sana, vingi visivyoonekana kwa macho. Maji ya bahari ile yalikuwa na chokaa iliyoyeyuka ndani yake, kama sukari katika chai. Chokaa hiyo ilishuka chini kidogo kidogo, ikawa tope, tabaka juu ya tabaka. Matabaka ya chini yaliminywa na uzito wa yale ya juu, yakawa jiwe. Baadaye sana nguvu za ardhi ziliyakunja matabaka hayo na kuyainua. Bahari ikaondoka, jiwe likabaki."

Mzee akawaonyesha mistari katika mwamba, mmoja juu ya mwingine, kama kurasa za kitabu kilichofungwa.

"Kuna jambo jingine la ajabu," akaendelea Mwalimu. "Chini ya mawe haya kuna mawe mengine ya zamani zaidi, yenye vipande vya kila namna vilivyochanganyika, vikubwa kwa vidogo. Kwa Kifaransa huitwa Grand Conglomérat. Wataalamu wameona kwamba vipande vile vililetwa na barafu kubwa, iliyofunika sehemu nyingi za dunia nyakati zile."

Watoto wakacheka. Barafu katika Likasi! Lakini Mzee hakucheka. "Mawe hayajui kusema uongo," akasema. "Kazi ni kujifunza kuyasoma."

4. Ndani ya pango

Walipofika mlangoni mwa pango, Mzee aliwasimamisha, akawapa sheria tano.

"Kwanza, hakuna aingiaye pangoni peke yake. Pili, taa zisipungue tatu. Maana moja yaweza kuzimika, na nyingine yaweza kuanguka majini. Tatu, abaki mtu nje ajuaye tumeingia wangapi na saa ngapi. Nne, mbingu zikiwa nyeusi kwa mvua hatuingii, kwa sababu maji yaweza kuja kwa ghafula. Tano, msivunje kitu, msiandike majina yenu, msiwasumbue popo. Popo hula wadudu wengi kila usiku. Tena si vema kuwashika wala kukaa juu ya mavi yao, kwa kuwa yaweza kuleta ugonjwa."

Akawavika kofia ngumu, akawahesabu, wakaingia.

Ndani palikuwa na baridi kidogo. Nuru ya mlango ilikwisha upesi. Wakasimama kimya, wakasikia: to... to... to... Tone moja moja lilikuwa likianguka gizani.

"Mnamsikia mchimbaji?" akauliza Mwalimu kwa sauti ndogo. "Ndiye huyo. Hana sururu wala baruti, bali hachoki."

Kisha akawaeleza kazi ya tone lile. Soma maneno yake kwa makini, maana hapa ndipo kiini cha somo.

"Mvua inapoanguka hupita hewani, na hewani mna hewa ya kaboni, ile tunayoitoa tunapopumua. Maji hubeba kidogo ya hewa hiyo. Yakiingia udongoni hubeba nyingi zaidi, kwa sababu mizizi ya miti na majani yanayooza huitoa kwa wingi. Basi maji hayo huwa makali kidogo. Si makali kama siki. Ukiyanywa huwezi kuonja ukali wake. Lakini yakikuta jiwe la chokaa huliyeyusha, kidogo kabisa. Hushuka katika nyufa. Ufa mwembamba kama uzi huwa mpana kama kidole, wa kidole huwa wa mkono, wa mkono huwa mlango. Muda mrefu nyufa hizi zilijaa maji tele. Baadaye mito ya nje ilichimba mabonde yake, maji ya chini yakashuka, na mahali yalipokuwa pakabaki patupu. Hewa ikaingia. Ndilo pango hili."

"Na mawe haya yanayoning'inia?" akauliza Maria. Maana taa zilionyesha mawe marefu juu ya dari, kama maziwa ya ng'ombe, na mengine yaliyosimama chini kuyaelekea.

"Hiyo ni kazi ya pili ya tone lile lile. Maji yamebeba chokaa kutoka juu. Yakifika hapa katika pango, yale ya hewa ya kaboni hutoroka, na maji hayawezi tena kushika chokaa yote. Tone linapongoja kuanguka huacha chokaa kidogo darini. Hivyo jiwe la kuning'inia huota kuelekea chini. Tone likianguka huacha chokaa nyingine sakafuni, na jiwe la kusimama huota kuelekea juu. Mara nyingine mawili hayo hukutana, yakawa nguzo."

Mtoto mmoja alinyosha mkono ashike. Mzee akamzuia. "Mafuta ya kidole chako yaweza kulizuia jiwe lisikue tena," akasema.

"Hukua kwa kasi gani?" akauliza mtoto huyo.

"Si sawasawa kila mahali," akajibu Mwalimu. "Mengi huongezeka kama sehemu ya kumi ya milimeta kwa mwaka. Tufanye hesabu. Jiwe lenye urefu wa sentimeta 30 lina milimeta ngapi?"

"Milimeta 300!"

"Na kila milimeta ni miaka 10."

Wakanyamaza wakihesabu. "Miaka 3,000," akasema Yosefu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema siku ile.

"Ndiyo. Lilianza kuota karibu na siku za mfalme Daudi. Nawe ungaliweza kulivunja kwa nukta moja."

5. Swali la Yosefu

Walipokuwa wakitoka, Mzee aliwaonyesha mawe makubwa yaliyolala sakafuni. "Haya yalianguka kutoka darini," akasema. "Lakini tazameni: juu yake pameota mawe ya chokaa. Basi yalianguka zamani sana. Pango ni la kale; mengi yaliyokuwa dhaifu ndani yake yamekwisha kuanguka kabla hatujazaliwa. Hata hivyo siku zote natazama juu kabla ya kutazama chini."

Nje, katika nuru ya jua, Yosefu akauliza, "Mwalimu, pango hili limesimama miaka mingi bila nguzo ya mti. Basi shimo la wachimbaji wa shaba, mbona huanguka?"

Mwalimu alimtazama kitambo kabla ya kujibu. Kisha akaomba watoto wote wakae chini.

Akatoa mfukoni jiwe la kijani lenye mistari mizuri, lile ambalo watu wa Likasi hulichonga vinyago na shanga. "Hili ni malakiti," akasema. "Mnalijua. Linafanywaje? Maji yale yale yenye hewa ya kaboni yanapopita katika mawe yenye shaba, huyageuza, na shaba huwa jiwe la kijani. Katika mashimo ya chini malakiti yaweza hata kuning'inia darini kama mawe ya chokaa mliyoyaona. Hivyo kila mahali mnapoona kijani, jueni kwamba maji yamepita. Na mahali maji yalipopita, mawe yamelegea. Mengine yamekuwa laini hata huchimbwa kwa jembe. Ndiyo sababu watu hupenda kuchimba huko. Na ndiyo sababu huanguka."

Akachora mashimo mawili mchangani.

"Pango lilichimbwa na maji kwa maelfu ya miaka, katika mwamba mzima. Sehemu iliyokuwa tayari kuanguka imepata muda wa kuanguka. Shimo la mchimbaji limechimbwa kwa majuma machache, katika udongo uliolegea, bila mbao za kushikilia dari, tena pengine wengine wanachimba chini yake bila yeye kujua. Halijajaribiwa na wakati. Siku ya kujaribiwa ni siku ya mvua, nayo huwakuta watu ndani."

Hakuna aliyecheka. Wengi wao walikuwa na ndugu machimboni.

"Mwezi wa Julai mwaka 2004," akaendelea Mwalimu, "shimo lilianguka Shinkolobwe, si mbali na hapa, wakafa watu 8. Mwezi wa Juni mwaka 2019 ardhi iliporomoka katika machimbo ya Kolwezi, wakafa watu wasiopungua 43. Hao ndio waliosikika. Hawakuwa wapumbavu wala wavivu. Walikuwa wakitafuta unga kama baba zenu. Sheria ya Kongo inakataza mtoto asiye na miaka 18 kufanya kazi machimboni. Lakini hata kama sheria isingalikuwapo, mwamba ungesema vivyo hivyo."

Yosefu aliinama, akalitazama shimo lililochorwa mchangani mpaka basi likapiga honi.

6. Maji yaliyo chini yetu

Wakati wa kurudi Mwalimu aliwaambia habari za nchi za karibu, wajue kwamba kazi ya maji iko mahali pengi.

Karibu na Ndola, katika Zambia, kuna ziwa dogo lenye kuta za mawe. Hapo palikuwa na pango kubwa chini ya ardhi, dari yake ikaanguka, maji yakajaa. Watu wa huko wanaliita Chilengwa na Lesa, maana yake "lililoumbwa na Mungu". Basi hata pango la kale laweza kuanguka likikonda mno. Ndiyo sababu Mzee hutazama juu.

Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, katika Chililabombwe, upo mgodi wa Konkola. Mawe ya huko yana nyufa na mashimo yaliyojaa maji. Ili wachimbaji wasizame, mashine huvuta zaidi ya mita za ujazo 300,000 za maji kila siku. Ni kama mapipa 1,500,000 ya lita 200. Mgodi huo ni mmoja wa migodi yenye maji mengi kupita yote duniani.

Katika Kabwe, mwaka 1921, mchimbaji aitwaye Tom Zwiglaar alikuta fuvu la mtu wa kale ndani ya pango la kilima chenye risasi na zinki. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba fuvu hilo lina umri wa miaka kama 300,000. Pango lenyewe halipo tena, maana kilima kilichimbwa chote.

Katika mapango ya Mbanza-Ngungu, magharibi ya Kongo, kuna samaki wasio na macho; wamekaa gizani vizazi vingi, macho hayana kazi. Na karibu na Tanga, katika Tanzania, yako mapango ya Amboni, nayo yamo katika mawe ya chokaa.

Si kila pango huchimbwa hivyo. Karibu na Goma yako mapango yaliyofanywa na moto wa volkano: uji wa mawe ulitiririka, ngozi yake ya juu ikapoa na kuwa ngumu, na uji wa ndani ukapita, ukaacha tundu kama bomba. Pwani mawimbi huchimba mapango katika magenge. Lakini mapango makubwa mengi ya dunia ni kazi ya tone la maji na jiwe la chokaa.

7. Bakuli la udongo

Jumapili ile kaka yake Yosefu alikuja nyumbani. Mikono yake ilikuwa na vidonda, na nguo zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Baada ya chakula Yosefu akamwita nyuma ya nyumba.

"Yaya, njoo nikuonyeshe somo letu."

Alikuwa amejaza bakuli kubwa udongo mbichi, akaushindilia sana, kisha akachimba tundu kwa mkono kutoka ubavuni. Juu yake aliweka jiwe. Tundu lilisimama imara.

"Unaona? Laonekana zuri," akasema Yosefu. Akamwagia maji juu, kikombe kimoja, polepole. Kwa kitambo hakikutokea kitu. Akamwaga cha pili. Mara udongo ukashuka wote pamoja, jiwe likazama, tundu likafungika. Halikutoa sauti.

Kaka yake alisimama akitazama. Kisha akasema, "Sisi hatuchimbi ovyo. Tunatafuta kwanza mahali penye kijani."

"Kijani ni njia ya maji, Yaya. Mwalimu ametuonyesha. Mahali penye kijani ndipo palipolegea."

Kaka yake hakujibu. Akachuchumaa, akatoa udongo katika bakuli, akaujaza upya, akaushindilia kwa nguvu zake zote kuliko Yosefu. Akachimba tundu mwenyewe, akaweka jiwe, akamwaga maji. Safari hii lilichukua vikombe vinne. Nalo likaanguka.

Akakaa chini, akaosha mikono kwa maji yaliyobaki.

"Mdogo wangu," akasema mwishoni, "likizo hutakuja."

"Na wewe?"

Kaka yake alitazama upande wa magharibi. Mawingu ya kwanza ya mwaka yalikuwa yakikusanyika. Hakusema atafanya nini. Lakini kesho yake alfajiri alikwenda kwa wenzake, akawaambia wapandishe vyombo vyote juu, wasishuke tena mpaka mvua zimalizike. Wengine walimcheka. Wengine walipandisha vyombo.

KUMBUKA

Maji ya mvua hubeba hewa ya kaboni, huwa makali kidogo, nayo huyeyusha jiwe la chokaa. Maji yanayotoka katika jiwe hilo hurudisha chokaa kidogo kidogo, yakafanya mawe ya kuning'inia na ya kusimama. Kila uonapo shimo, uulize mambo matatu kabla ya kuingia: Limechimbwa na nani? Limechimbwa katika jiwe gani? Limesimama kwa muda gani?

MASWALI

1. Ganda la yai na jiwe la Kakontwe vinafanana kwa jambo gani? Ulijuaje?
2. Kwa nini maji yaliyopita udongoni ni makali kuliko maji ya mvua yanayoanguka?
3. Jiwe la kuning'inia lina urefu wa sentimeta 45. Likiongezeka sehemu ya kumi ya milimeta kwa mwaka, lina umri wa miaka mingapi?
4. Eleza kwa nini rangi ya kijani humvuta mchimbaji, na kwa nini yampasa kuiogopa.
5. Bakuli la kaka lilichukua vikombe vinne, la Yosefu viwili. Je, lile la kaka lilikuwa salama? Toa sababu.
6. Kazi ya mikono: Tafuta mawe matano karibu na nyumbani. Yakwaruze kwa msumari, udondoshe siki au maji ya ndimu, uandike lipi limetoa povu. Usiyatafute ndani ya shimo.